Tiba Isiyo na Ugonjwa: Sheria, Mtoto na Mpaka wa Busia na Tororo

Liko swali moja la sheria ambalo halizungumzwi sana katika mabaraza yetu, ilhali linawahusu watoto wanaoketi mbele yetu darasani kila siku. Swali lenyewe ni hili: je, mtaalamu wa afya ya akili mwenye leseni anaruhusiwa kumchukua mtoto wa chini ya miaka 18 na kujaribu kuugeuza mvuto wake wa kimapenzi, au namna anavyojihisi kuwa msichana au mvulana, kwa madai kwamba anamtibu? Katika nchi kadhaa swali hili limekwisha kujibiwa kwa sheria zilizoandikwa waziwazi. Kwetu sisi wa Busia na Tororo halijajibiwa kwa kifungu chochote kinachotaja jambo hilo kwa jina, si upande wa Kenya wala upande wa Uganda. Hata hivyo historia yetu si tupu. Inazo sheria, hukumu na majeraha yanayoweza kutusaidia kufikiri.

Kiswahili hakijapata istilahi moja iliyokubalika na wote kwa jambo hili. Katika makala haya nitaliita tiba ya kugeuza. Neno tiba tumekuwa nalo tangu kale, nalo lina undugu na tabibu, kutibu na matibabu. Popote linapotajwa, msikilizaji huelewa kwamba pana maradhi na pana mgonjwa. Basi swali la kwanza la raia lisiwe kama tiba hii ni nzuri au mbaya. Liwe: ugonjwa wenyewe ni upi, na ni nani aliyeuthibitisha?

Niseme mapema kwamba makala haya hayamwombi mtu yeyote aiache imani yake. Kanisa, msikiti na baraza la wazee vina mafundisho yao kuhusu ndoa na mwenendo, na katiba za nchi zote mbili zinalinda uhuru wa dini. Tunachokichunguza hapa ni mamlaka ya mtaalamu: ni jambo gani anaweza kumfanyia mtoto kwa jina la tiba, na ni nani anayemdhibiti.

Mpaka uliopita katikati ya watu

Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda na kulihamishia katika Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso, pamoja na jirani zao, wakajikuta katika nchi mbili bila ya kuhama hata boma moja. Ndiyo maana leo kuna miji miwili yenye jina moja la Busia, mmoja kila upande wa kizuizi. Wilaya ya Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya Tororo hadi ilipokatwa mwaka 1997. Hata neno bodaboda, linalosikika sasa hadi Dar es Salaam na Kigali, lilizaliwa hapa mpakani kwa waendesha baiskeli waliowavusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Tangu Februari 2018, marais wa nchi zote mbili walipokizindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kuvuka kumekuwa kwepesi zaidi. Mama anaweza kununua omena asubuhi upande mmoja na kuziuza jioni upande wa pili, ambako zitaitwa mukene. Habadili ukoo wala lugha, bali sheria humbadilikia. Jambo hili ni muhimu kwa mada yetu, kwa sababu mtoto naye huvushwa kwa wepesi uleule.

Serikali ilipogeuka kuwa tabibu

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kule Uganda, Butabika ilifunguliwa mwaka 1955 nje kidogo ya Kampala. Katika miaka ya mwanzo taasisi za namna hii, na sheria zilizoziongoza, zilishughulika zaidi na kuwatenga watu kuliko kuwaponya. Aliyeonekana kuwavuruga wengine alifungiwa, na maoni yake mwenyewe hayakuwa na uzito.

Mwaka 1938 daktari Mwingereza J. C. Carothers alikabidhiwa Mathari, akaisimamia hadi mwaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha maandishi yake kuhusu akili ya Mwafrika, ambayo yalimwonyesha Mwafrika kama mtu mwenye upungufu kwa kulinganishwa na Mzungu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimwomba aueleze uasi wa Mau Mau. Taarifa yake ya mwaka 1954 iliutazama uasi huo zaidi kama mvurugiko wa nafsi za watu waliokwama kati ya mila zao na maisha mapya. Ukilitazama jambo kwa jicho hilo, kilio cha ardhi na uhuru hugeuka kuwa dalili za maradhi, na anayelia hugeuka kuwa mgonjwa wa kutibiwa.

Matokeo yake twayajua. Kambi za kizuizini zilipewa lugha ya urekebishaji. Mfungwa alitakiwa aungame kiapo, aonyeshe kwamba amegeuka, ndipo apandishwe hatua moja kuelekea nyumbani. Wavulana wadogo nao walikusanywa katika kambi yao ya Wamumu katikati ya miaka ya 1950. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Carothers hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka 1851 daktari Mmarekani Samuel Cartwright alidai kwamba mtumwa anayetoroka ana maradhi ya akili. Aliyapa jina drapetomania, na miongoni mwa tiba alizozipendekeza ilikuwamo mijeledi.

Sisemi kwamba kambi ya Hola na chumba cha mshauri nasaha ni kitu kimoja. Ninachokionyesha ni hatari ya kuacha neno ugonjwa litumike bila ushahidi. Likishatamkwa na mwenye cheo, shinikizo hupata jina la matibabu, na anayekataa huhesabiwa kuwa amezidiwa na ugonjwa. Mtu mzima aliye huru anaweza kuondoka. Mtoto hana nauli, hana wakili, na aliyempeleka ndiye anayempa chakula.

Sayansi ilipojisahihisha

Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, madaktari wa Ulaya na Marekani waliuweka mvuto wa jinsia moja katika orodha ya magonjwa ya akili. Walijaribu kuuondoa kwa umeme, kwa dawa za kutapisha na kwa mazungumzo ya miaka mingi. Mwaka 1973 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuondoa katika orodha yake. Tarehe 17 Mei 1990 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha orodha mpya ya kimataifa ambayo nayo iliuondoa. Masalia yaliyobaki yalifutwa katika toleo lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Kenya na Uganda ni wanachama wa shirika lililoitoa orodha hiyo, na ndiyo orodha inayotumiwa kuyapa magonjwa majina na namba katika hospitali za sehemu kubwa ya dunia.

Je, tiba ya kugeuza hufanya kazi? Mwaka 2003 daktari mashuhuri Robert Spitzer alichapisha utafiti uliodai kwamba baadhi ya watu hubadilika. Mwaka 2012 aliukana mwenyewe, akawaomba radhi waliopoteza muda na nguvu zao kwa sababu yake. Kabla ya hapo, mwaka 2009, jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilikuwa limezipitia tafiti zilizokuwapo na kuona kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuonyesha kuwa tiba hii hubadili mvuto wa mtu. Lilionya pia kwamba inaweza kuleta madhara kama sonona, wasiwasi na fikra za kujiua.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Mtoto akiambiwa na mtu mwenye koti jeupe kwamba ana ugonjwa, akajitahidi kupona na asipone, hana mtu wa kumlaumu isipokuwa nafsi yake. Lawama hiyo yaweza kumfikisha pabaya.

Jinsi wazo lilivyofika Kampala

Watu wengi huamini kwamba upinzani dhidi ya tiba ya kugeuza ndio ulioletwa kwetu kutoka nje. Historia inaonyesha kwamba tiba yenyewe nayo ilisafiri kwa ndege. Mwezi Machi 2009 iliandaliwa semina jijini Kampala ambamo Wamarekani watatu, Scott Lively, Don Schmierer na Caleb Lee Brundidge, walizungumza kuhusu mahusiano ya jinsia moja. Schmierer alikuwa mjumbe wa bodi ya Exodus International, shirika la Kikristo lililojulikana sana kwa kufundisha kwamba mvuto huo unaweza kubadilishwa. Miezi michache baadaye, Oktoba 2009, mbunge David Bahati aliwasilisha mswada wake katika Bunge la Uganda.

Mnamo Juni 2013 Exodus lilifungwa, na rais wake Alan Chambers aliwaomba radhi watu walioumizwa na mafundisho ya shirika hilo. Walioileta bidhaa walifunga duka, huku sisi wanunuzi tukiendelea kuibeba.

Hatua iliyofuata inastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa uraia. Kabla ya kutia saini mswada uliopitishwa Desemba 2013, Rais Museveni aliwataka wataalamu wa nchi yake wampe maelezo ya kisayansi. Kamati iliyoundwa na Wizara ya Afya ilitoa taarifa yake Februari 2014. Ilisema kwamba hakuna jeni moja lililothibitishwa kuwa chanzo cha mvuto wa jinsia moja, kwamba katika kila jamii wako watu wachache wa namna hiyo, na kwamba hali hiyo si ugonjwa. Wataalamu hao walisema pia kuwa mwenendo huo, kama mienendo mingine ya binadamu, unahitaji kuwekewa utaratibu na jamii. Rais alitia saini tarehe 24 Februari 2014. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo kwa sababu akidi ya wabunge haikuwa imetimia ilipopitishwa.

Sheria ya sasa ya Uganda ya Kupinga Mapenzi ya Jinsia Moja ilitiwa saini Mei 2023. Adhabu zake ni kali mno, na katika baadhi ya makosa adhabu hiyo ni kifo. Kwa mada yetu mambo mawili yanahitaji kutazamwa. Kwanza, mtoto akipatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Pili, mahakama inaweza kuagiza aliyehukumiwa apewe huduma za jamii kwa ajili ya kumrekebisha. Neno urekebishaji limerudi. Taarifa ya mwaka 2014 ilisema hakuna ugonjwa, sheria ya mwaka 2023 inataja marekebisho, na mtaalamu wa afya ya akili ameachwa katikati bila ya kuelezwa ni kitu gani hasa anachotakiwa kukirekebisha.

Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Iliviondoa hata hivyo vifungu vichache, kikiwemo kile kilichomlazimisha mtu kutoa taarifa polisi. Kwa mshauri nasaha wa Tororo kuondolewa kwa kifungu hicho si jambo dogo, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kuaminiana na tabibu wake hawezi kutibiwa hata malaria.

Sheria za kudhibiti zinavyofanya kazi

Jimbo la California nchini Marekani lilikuwa la kwanza nchini humo kupitisha sheria ya kuwazuia wataalamu wa afya ya akili wasiwafanyie watoto tiba ya kugeuza. Gavana Jerry Brown aliitia saini mwezi Septemba 2012. Tunapaswa kuuelewa muundo wake, maana watu wengi hudhani kwamba sheria za namna hii huwafunga wahubiri midomo.

Sheria ile ilimlenga mtu mwenye leseni ya serikali peke yake: daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia, mshauri nasaha na wenzao. Ilimlinda mtu wa chini ya miaka 18 tu. Haikumgusa padri, imamu wala mzazi anayemwonya mwanawe nyumbani. Mtaalamu hakuzuiwa kumsikiliza mtoto, kumfariji, wala kumsaidia aielewe hali yake. Alizuiwa kuanzisha safari ambayo mwisho wake umeshaamuliwa, yaani mtoto ageuke. Aliyeikiuka hakupelekwa jela, bali alifikishwa mbele ya bodi iliyompa leseni kwa hatua za kinidhamu.

Baada ya California yalifuata majimbo mengine ya Marekani. Malta ilipitisha sheria yake mwaka 2016 na Ujerumani mwaka 2020, kisha Kanada na Ufaransa zikawa na sheria zilizoanza kutumika mwaka 2022. Baadhi ya nchi hizo zilikwenda mbali zaidi na kulifanya jambo hili kuwa kosa la jinai. Wapinzani nao hawakukaa kimya. Hoja yao kubwa ni kwamba tiba ya mazungumzo ni maneno, na maneno yanalindwa na uhuru wa kusema. Hoja hiyo ilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutoka jimbo la Colorado, ikasikilizwa Oktoba 2025. Raia makini hana budi kuipima. Kwa upande mmoja, serikali kuingia katika chumba cha mazungumzo ni jambo la kuogofya. Kwa upande wa pili, daktari anayemwambia mgonjwa wa kisukari aache dawa naye anatumia maneno matupu, na hakuna anayedai kwamba leseni yake isiguswe.

Upande wa Kenya

Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayowasimamia washauri nasaha na wanasaikolojia kupitia bodi yao. Mwaka 2022 ilirekebisha Sheria ya Afya ya Akili kwa mswada uliotoka kwa Seneta Sylvia Kasanga, ikatambua haki ya mgonjwa kuridhia matibabu na kushiriki katika kuyapanga. Mwaka huohuo ikapata Sheria mpya ya Watoto. Juu ya zote iko Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 53 inamlinda mtoto dhidi ya dhuluma, ukatili na mila zenye madhara, na kutamka kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu.

Pengo liko wapi? Liko katika ridhaa. Mgonjwa akiwa mtoto, anayeridhia ni mzazi au mlezi. Katika homa ya matumbo utaratibu huu hauna tatizo, kwa sababu mzazi na daktari wanapigana na adui mmoja. Katika tiba ya kugeuza, mzazi ndiye mwenye lalamiko, mzazi ndiye mwenye kulipa, na mzazi ndiye mwenye kuridhia. Mtoto hana nafasi yoyote katika mapatano yanayohusu nafsi yake.

Isitoshe, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinaharamisha tendo la jinsia moja kwa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Wapo wanaosema kwamba maadamu tendo ni kosa, mtaalamu hawezi kulaumiwa kwa kujaribu kulizuia. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Sheria ya jinai huadhibu tendo, na tiba ya kugeuza hushughulika na hisia. Hakuna sheria ya Kenya inayomwadhibu mtoto kwa kile anachokihisi moyoni.

Mahakama za Kenya zimeonyesha kwamba tofauti hiyo inaweza kulindwa. Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iliamua kwamba kuwapima watu kwa nguvu katika tupu zao za nyuma ili kutafuta ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja ni kinyume cha Katiba. Kesi hiyo ilitoka Kwale. Kabla ya majaji kunena, madaktari wenyewe walikuwa wamekwisha kunena: mwezi Septemba 2017 Chama cha Madaktari cha Kenya kililaani upimaji huo. Kifungu cha 162 kilibaki palepale, lakini mkono wa daktari ulizuiwa usitumike kwa kazi isiyo ya tiba.

Mzazi, mila na samaki mbichi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mzazi wa Busia au Tororo anayempeleka mwanawe kwa mtaalamu aghalabu hafanyi hivyo kwa chuki. Anaogopa macho ya majirani, anaogopa polisi, anaogopa kumpoteza mtoto. Anayemdharau mzazi huyu hatamsaidia mtoto wake. Lakini methali ile yahusu malezi, yaani adabu, bidii na ukweli, mambo ambayo kwa hakika hukunjika mapema. Haikusema kwamba kila kitu kilichomo ndani ya samaki kinakunjika.

Nchi zetu zimewahi kukutana na hoja ya haki ya mzazi na mila, nazo zikaijibu. Uganda ilipiga marufuku ukeketaji mwaka 2010, na Kenya ikaiimarisha sheria yake mwaka 2011. Daktari Tatu Kamau alikwenda mahakamani akidai kwamba marufuku hiyo inawanyima wanawake uhuru wa kuchagua mila zao, na kwamba ingekuwa heri tendo hilo lifanywe na wataalamu wa afya. Mahakama Kuu ya Kenya ilimkatalia Machi 2021. Tunachokipata katika kesi hiyo ni kwamba tendo lenye madhara haligeuki kuwa salama kwa sababu limefanywa na mwenye shahada katika chumba safi, na kwamba ridhaa ya mzazi ina mpaka.

Wanaoupinga mfano huu watasema kwamba wembe hauwezi kulinganishwa na mazungumzo, na wana haki ya kusema hivyo. Jeraha la wembe huonekana, la maneno halionekani. Ndiyo maana California na majimbo mengine ya Marekani yalichagua hatua ya kinidhamu kupitia leseni mahali pa jela, na mimi naona njia hiyo ndiyo inayoifaa hali yetu.

Mtoto akivushwa

Tuseme sasa Kenya imepitisha sheria kama hiyo kesho. Je, kijana wa Busia atakuwa amelindwa? Katika suala la ukeketaji tuliona wasichana wakivushwa mpaka ili kuikwepa sheria, hata Kenya ikaona haja ya kuliingiza kosa la kumpeleka msichana nje ya nchi katika sheria yake ya 2011. Aprili 2019 wawakilishi wa Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa na kukubaliana kushirikiana kuukomesha ukeketaji wa kuvuka mipaka. Sheria ya upande mmoja peke yake ingekuwa sawa na kuziba nusu ya tundu la paa.

Hata hivyo tusidhani kwamba upande wa Uganda hauna kitu cha kushika. Ibara ya 24 ya Katiba yake ya 1995 inakataza mateso na kumtendea mtu kinyama, na ibara ya 44 inasema kwamba katazo hilo halipunguzwi kwa hali yoyote. Sheria yake ya mwaka 2012 dhidi ya mateso inamfikia hata mtu binafsi asiye mtumishi wa serikali, ilhali ile ya Kenya ya mwaka 2017 imewalenga zaidi maofisa wa umma. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 nayo imechukua mahali pa sheria kuukuu zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ikaweka haki za mgonjwa katika maandishi. Mtaalamu wa Tororo anayemfunga, kumpiga au kumnyima mtoto chakula kwa jina la tiba hawezi kujificha nyuma ya neno urekebishaji.

La raia kufanya leo

Sheria mahususi yaweza kuchukua miaka mingi, na pengine isije. Wakati huohuo mzazi anayo maswali ya kumwuliza yeyote anayejitangaza kuwa mtaalamu, awe yuko upande gani wa mpaka. Je, una leseni, na ni bodi gani iliyokupa? Ugonjwa unaotaka kuutibu unaitwaje, na umo katika orodha gani ya magonjwa? Je, utamsikiliza mwanangu peke yake, na utaitunza siri yake? Ukishindwa kumgeuza, utamwambia nini? Mtaalamu mwaminifu atayajibu maswali haya bila kukasirika. Anayeahidi matokeo kabla ya kumwona mtoto, akataka na malipo mbele, amekwisha kujitambulisha.

Nasi walimu tunalo jukumu letu. Mwanafunzi aliyenyamaza ghafla, anayekosa masomo, anayeandika insha za kutaka kufa, anahitaji mtu mzima wa kumsikiliza kabla ya kumpa jina lolote. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo umetufungulia mlango wa kuzungumza na watoto wetu juu ya kukata tamaa bila hofu ya polisi. Tuutumie.

Maswali ya kujadili darasani au nyumbani

1. Kuna tofauti gani kati ya kumlea mtoto na kumtibu? Toa mifano kutoka katika jamii yako.

2. Je, ridhaa ya mzazi inatosha katika kila aina ya matibabu ya mtoto? Rejelea ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya au ibara ya 34 ya Katiba ya Uganda.

3. Kwa nini baadhi ya nchi zilichagua kumwadhibu mtaalamu kupitia leseni yake badala ya kumpeleka jela? Je, njia hiyo ingefaa kwetu?

4. Eleza jinsi lugha ya ugonjwa ilivyotumiwa na serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, kisha utaje hatari mbili za lugha hiyo katika siku zetu.